Lita Hamsini na Nne

Miaka thelathini na mmoja nilifukuza maji.
Ndiyo iliyokuwa kazi yangu chini ya Ostrava:
maji huja na giza, nami na pampu zangu
nayarudisha juu, usiku kucha, mchana kutwa,
wenzangu wachimbe makaa miguu mikavu.
Kisha mgodi ukafungwa. Pampu zikazimwa.
Huko chini sasa maji yamekaa yalipotaka kukaa.

Na mimi leo, mtu mzima na ndoo,
nayapandisha orofa ya sita, lifti mbovu,
nayabembeleza yaingie.

"Ndoo saba sebuleni," asema Drahomíra.
Mke wangu alikuwa karani wa posta; lazima ahesabu.
Meza ni ya cherehani yake. Tulikubaliana
kwa maneno machache na sahani moja iliyovunjika.

Kioo: sentimita sitini kwa thelathini.
Mchanga laini nimeuosha bafuni
mara nane, hata ukaacha kutoa maziwa.
Mzizi nimeuchemsha katika sufuria ya kabichi
(hili hajalijua, na ninyi nyamazeni).
Majani makavu ya mwaloni, mfuko tele,
nimeyaokota nyuma ya kanisa,
watoto wakinitazama kama aliyeangusha pete.

Na kifuu.
Nazi niliinunua dukani kwa Bwana Thịnh,
nikaipasua kwa nyundo ya mgodini,
tukaila siku tatu, hatusemezani.
Nikatoboa kitundu cha upana wa kidole gumba.
"Usipanue mlango," alinionya Bořivoj, fundi wa mambo haya.
"Ukipanua, mume naye ataingia."

Halafu, kungoja.
Wiki tano za tangi lisilo na samaki.
Wageni wakija wanainama, wanatafuta,
wanainuka na nyuso za kunihurumia.
Vijidudu nisivyoviona vinajifunza kula sumu;
nitawaelezaje? Hata sisi hatukushuka
kabla mtu hajapima hewa.
Maji yakaiva polepole, yakawa mkandaa.

Jumapili ya baridi kali niliwaleta kwa tramu,
mfuko umelala tumboni ndani ya koti,
wawili, perege vibete, kimo cha ufunguo wa kabati.
Mababu zao ni wa vijito vya Amazoni;
wao wamezaliwa chumba cha chini huko Havířov,
majirani zangu kabisa.
Dume ana mkia wa moto, anajua anatazamwa.
Jike, kijivu tu. Nilimsahau siku hiyohiyo.

Siku ya tisa akageuka manjano,
manjano ya kofia zetu za kazi,
akatoka kifuuni na kumfukuza mumewe
toka pembe hadi pembe, pezi likachanika,
hata yule bwana mkubwa akajibanza nyuma ya chujio,
kapauka, hana la kusema.

Nikachukua wavu nimwokoe.
"Mwache," akasema Drahomíra.
Wiki nzima hakulitazama tangi. Sasa alikuwa na kiti.
"Mwanamke ana mayai ndani. Huyo atajua pa kukaa."
Nikavunja chungu cha ua, nikamjengea baraza
upande wa pili, penye majani mengi.
Akahamia jioni ileile. Sikumcheka.

Kuna jambo sijamwambia mtu.
Tangu pampu zizimwe sikupata usingizi;
kimya kiliniamsha saa tisa, kila usiku,
nikiamini maji yanapanda.
Hii ya sasa ni ya wati tatu, inanung'unika kama paka,
na mimi nalala.

Nimelala, basi, mkono unanitikisa bega.
"Amka. Wametoka."
Amevaa soksi zangu. Tochi ameifunika kwa kitambaa.
Juu ya mchanga, chini ya tumbo la manjano,
kuna nukta, nukta zenye macho,
mama akitikisa mapezi zinatua, akisogea zinasogea.
Drahomíra amegusisha paji la uso kwenye kioo.
Arobaini na tatu, asema, arobaini na nne,
arobaini na... hebu jiondoe mbele ya mwanga,
umenipotezea hesabu. Moja. Mbili.